Barua ya wazi kwa Mawaziri wa Kazi wa Afrika Mashariki kuhusu binti zetu walioko Ghuba

Waheshimiwa Mawaziri wa Kazi wa nchi wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki,



Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mkazi wa Likoni, Mombasa. Nilipostaafu nilidhani kazi ya kusoma maandishi ya wengine imekwisha. Haikwisha. Akina mama wa mtaani waliendelea kubisha hodi na karatasi mkononi: "Mwalimu, nisomee." Zamani zilikuwa barua za shule na risiti za karo. Siku hizi karibu kila karatasi inayowekwa kwenye meza yangu inaelekea Ghuba au imetoka Ghuba: mkataba wa kazi wa binti, nakala ya pasipoti, ujumbe wa simu ulioandikwa saa nane za usiku. Mara mbili imekuwa cheti cha kifo.

Nawaandikia nyote pamoja, wala si waziri wa nchi yangu peke yake, na hiyo ndiyo hoja yangu yenyewe. Kila aliyekwenda kati yenu kuzungumza na Riyadh, Muscat, Doha au Kuwait amekwenda peke yake, na amerudi na bei ya chini na masharti mepesi. Nataka mketi upande mmoja wa meza.

Kwanza nisieleweke vibaya. Siandiki kuwatukana Waarabu. Pwani hii na Oman tuna damu moja, na wako matajiri wanaowalipa kadama zao, yaani wafanyakazi wao wa ndani, kwa wakati, wanawatibu wakiugua, wengine hata wanafuatana nao Umra. Wala sisemi wasichana wasisafiri. Katika uchochoro wangu kuna nyumba tatu zilizoezekwa mabati mapya kwa pesa za Saudia, na mmoja wa waliozijenga nilimfundisha mimi kusoma. Lakini wema wa tajiri ukiwa hauna sheria nyuma yake unakuwa bahati, na sitaki mzazi yeyote amkabidhi mwanawe kwa bahati.

1. Mikataba hatuisomi, na ile mliyotia saini ninyi hatujaiona.

Mwaka jana alikuja mama mmoja na binti yake, zimebaki siku nne kabla ya ndege. Mkataba ulikuwa wa Kiarabu upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Binti alikuwa ameshatia saini kila ukurasa. Nilimuuliza kama ameelezwa saa za kazi, siku ya mapumziko, na nani anashika pasipoti. Akasema ajenti alimwambia atie saini kwanza, mengine ataelezwa akifika. Tulikaa mpaka Isha nikimfasiria kifungu kwa kifungu. Alipofika cha likizo aliuliza, "Kwani kuna likizo?" Alikuwa ameshatia saini haki ambayo hakujua anayo.

Mkataba Namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, ILO, uliopitishwa Juni 2011, unataka mfanyakazi wa nyumbani aelezwe masharti ya kazi kwa namna anayoielewa, na anayevuka mpaka apewe ofa au mkataba ulioandikwa kabla hajasafiri. Hilo ni la msichana. Kuna na lenu. Kenya ina makubaliano na Saudia. Uganda inayo. Burundi ilitia saini ya kwake Oktoba 2021. Makubaliano haya ndiyo yanayoamua mshahara wa msichana, anakokimbilia akipigwa, na nani analipa tiketi ya kurudi. Kwa miaka yote hii ya kusomea watu karatasi sijawahi kuona makubaliano yoyote kati ya hayo yakiwa kwa Kiswahili mkononi mwa mama yeyote.

Naomba makubaliano yote ya kupeleka wafanyakazi yachapishwe, yafasiriwe kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine za raia wenu, na yabandikwe pale msichana anapoomba pasipoti. Naomba pia mkataba wowote usiokuwa na nakala ya Kiswahili uhesabiwe haujatiwa saini.

2. Riyali 900.

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo ninapoumia zaidi.

Mshahara ninaoukuta kwenye karatasi nyingi ni riyali 900 za Saudia kwa mwezi. Ni kama dola 240, takriban shilingi 31,000 za Kenya. Msichana wa Ufilipino anayefanya kazi ile ile, pengine katika nyumba ya jirani, kima chake cha chini kwa miaka mingi kilikuwa dola 400, yaani riyali 1,500. Serikali yake iliweka kiwango hicho mwaka 2006. Tofauti na kiwango hicho ni riyali 600 kila mwezi. Mkataba ni wa miaka miwili, miezi 24. Hesabu hii ningempa mtoto wa darasa la nne: 600 mara 24 ni riyali 14,400. Kwa pesa zetu ni karibu nusu milioni ya shilingi.

Nusu milioni, Waheshimiwa. Huku kwetu hicho ni kiwanja na msingi wa nyumba. Ni karo ya wadogo zake wawili mpaka wamalize sekondari. Msichana hakuzipoteza pesa hizo kwa uvivu, wala hakuibiwa na tajiri. Zilikwenda kabla hajapanda ndege, siku serikali ilipokubali bei.

Najua mtajibu kwamba Mfilipino amesomea kazi na anajua Kiingereza. Wengi wa wanaokaa mezani kwangu wana cheti cha Kidato cha Nne na Kiingereza chao kinatosha kumpikia mtu na kumlelea mtoto. Mtasema pia tukipandisha bei, kafili, yaani tajiri anayemdhamini, atachukua wa nchi nyingine. Hapo mmesema kweli, na tazameni nchi hiyo nyingine ni ipi. Mkenya akipanda, ofisi ya ajenti wa kule inamwonyesha kafili picha ya Mganda. Mganda akipanda, inamwonyesha Mrundi. Sisi ndio tunaoshindana kujipunguza. Manila ilisema bei moja ikasimama nayo, na nyumba za Ghuba bado zinawachukua Wafilipino.

Nalo hili halinielei hata kidogo. Jumuiya yetu imekuwa na ushuru wa pamoja wa forodha tangu mwaka 2005. Mchele na sukari vinavyotoka nje vina kiwango chake, na mawaziri wenzenu hukesha Arusha wakibishana juu ya asilimia. Tangu Julai 2010 tuna Itifaki ya Soko la Pamoja, inayomtaja mfanyakazi na haki yake ya kuvuka mipaka yetu. Mchele umewekewa sakafu ya pamoja. Msichana anayeondoka na sanduku moja hana sakafu, kila nchi inamtoa kwa bei yake.

Shirika la Amnesty International lilichapisha Mei 2025 ripoti kuhusu Wakenya wanaofanya kazi za ndani Saudia, baada ya kuzungumza na wanawake zaidi ya 70. Wengi walifanya kazi zaidi ya saa 16 kwa siku. Ukigawa riyali 900 kwa saa hizo unapata kama nusu dola kwa saa. Ndio ujira wa kuosha, kupika, kupiga pasi, kulea, kumgeuza mgonjwa kitandani, na mara nyingine kupelekwa kwa dada ya tajiri kuanza upya nyumba ya pili.

Naomba kima cha chini kimoja kwa nchi zote nane, kisipungue riyali 1,500 au thamani yake katika kila nchi ya Ghuba, na kila mmoja wenu aahidi hadharani kwamba hatatia saini chini ya hapo. Nchi moja ikivunja ahadi, nyingine ziitaje kwa jina.

3. Mlango unaofungwa kwa nje.

Kafala ni neno zuri. Sisi Waislamu tunalijua tangu chuoni: kumdhamini yatima, kumlea asiye na mlezi. Katika kazi za Ghuba neno hilo limepewa maana nyingine. Kibali cha kuishi cha mfanyakazi, iqama, kimefungwa kwa tajiri mmoja. Akiondoka bila ridhaa yake, tajiri anaripoti huroob, yaani ametoroka, na kuanzia hapo mfanyakazi ndiye mkosaji. Aliyepigwa anatafutwa na polisi. Aliyepiga ndiye mlalamikaji.

Wasichana wa Kenya wana neno lao kwa hali hiyo. Wanasema fulani "amekwenda kemboi", kwa jina la bingwa wetu wa mbio za kuruka viunzi na maji. Wakati wa simulizi wanalitamka kwa haraka, kama jambo la kawaida. Ukweli ni kwamba aliyekwenda kemboi hana hospitali, hana pa kudai mshahara wa nyuma, na akizaa huko mtoto wake anakua bila cheti cha kuzaliwa na bila njia ya kupanda ndege. Wako watoto kama hao Saudia sasa hivi, na mama zao hawathubutu kutoka barabarani.

Machi 2021 Saudia ililegeza masharti ya kafala kwa wafanyakazi wa makampuni. Wa majumbani waliachwa nje. Baadaye zikaja kanuni zao, zilizoanza kutumika Oktoba 2024: kazi isizidi saa 10 kwa siku, na mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki. Nimefurahi kuzisoma. Lakini nyumba si kiwanda. Nani anabisha hodi kuuliza kama saa 10 zimeheshimiwa? Mkataba 189 ulilifikiria hilo pia: unataka kuwe na ukaguzi, na masharti ya lini mkaguzi anaweza kuingia nyumbani mwa mtu huku akiheshimu faragha yake. Hakuna hata nchi moja ya Ghuba iliyouridhia.

Na tusidhani ni Saudia tu. Mwaka 2017 Human Rights Watch walitoa ripoti baada ya kuwahoji wanawake 50 wa Tanzania waliofanya kazi Oman na Falme za Kiarabu. Pasipoti zimechukuliwa, mshahara umepunguzwa au haukulipwa, wengine wakifanyishwa kazi mpaka saa 21 kwa siku. Oman inaniuma kwa namna yake. Muscat imejaa watu ambao wao au wazee wao walizaliwa Unguja na Pemba, na Kiswahili kimo majumbani mwao. Mama mmoja aliniletea simu nimsikilizie sauti iliyorekodiwa na bintiye kwa siri jikoni. Nilijiandaa kumtafutia mtu wa kutufasiria Kiarabu. Haikuhitajika. Aliyekuwa akimfokea, akimwita mbwa, alikuwa akifoka kwa Kiswahili safi, Kiswahili cha bibi yangu. Mama aliisikiliza mpaka mwisho, akaniomba niirudie.

Februari 2018 mwili wa mfanyakazi Mfilipino ulipatikana Kuwait ndani ya friza, katika nyumba iliyoachwa tupu. Serikali yake ilisimamisha kupeleka wafanyakazi Kuwait. Mei mwaka ule ule nchi hizo mbili zilitia saini makubaliano: tajiri asishike pasipoti, mfanyakazi awe na simu yake, asihamishiwe nyumba nyingine bila ridhaa yake, apewe chakula, malazi na bima ya afya. Ilichukua miezi mitatu. Sisi tumezika wangapi bila kupata hata kifungu cha simu?

Naomba makubaliano yenu yote yaandikwe upya yakiwa na mambo haya: pasipoti na simu vikae mkononi mwa mfanyakazi, anayelalamikia kipigo, ubakaji au kutolipwa aruhusiwe kuhama bila idhini ya kafili, na ripoti ya huroob isikubaliwe kabla ubalozi haujamsikiliza. Kila ubalozi wetu wa Ghuba uwe na nyumba ya kuwahifadhi wanaokimbia, na maofisa wa kazi wanaozungumza Kiswahili na wanaopokea simu usiku. Binti zetu wanapiga usiku, tajiri akiwa amelala. Ubalozi wa nchi moja usimfukuze Mtanzania kwa kuwa si Mkenya, au Mrundi kwa kuwa si Mganda.

4. Wanaorudi kwenye sanduku.

Cheti cha kwanza cha kifo nilicholetewa kilikuwa cha Kiarabu. Sikuweza kukisoma, nikampeleka mama kwa ustadhi wa madrasa. Alikisoma kimya, kisha akatuangalia. Kilisema kifo cha kawaida. Binti alikuwa na miaka 26, na wiki mbili kabla alikuwa ametuma sauti akisema amenyimwa chakula na anataka kurudi.

Mwili ulifika baada ya zaidi ya miezi miwili. Sisi huku hatucheleweshi maziko, mnalijua hilo. Wazee walitaka azikwe kabla ya Magharibi, na baba yake aliambiwa upasuaji wa uchunguzi utachukua siku na pesa ambazo hana. Wakachagua kuzika. Wanawake waliomwosha walipotoka chumbani hawakusema neno mbele ya mama yake. Mmoja wao alinivuta kando, akanieleza alichokiona mgongoni na kwenye vifundo vya mikono. Hakuna daktari aliyeandika, hakuna polisi aliyefungua faili. Ushahidi wote umo kaburini na katika macho ya wanawake wanne.

Machi 2025 gazeti la New York Times liliandika kwamba Wakenya wasiopungua 274, wengi wao wanawake, walikufa Saudia katika miaka mitano. Hao ni wa nchi moja katika nchi moja. Ni vijana waliopimwa afya kabla ya kusafiri wakaambiwa wazima, kwa sababu bila cheti cha afya hakuna viza. Mtu mzima wa afya akiondoka, akirudi na karatasi ya "mshtuko wa moyo" au "kifo cha kawaida", serikali yake ina wajibu wa kuuliza moyo ule ulishtuliwa na nini.

Naomba kila mwili unaorudi kutoka Ghuba ufanyiwe uchunguzi wa daktari wa serikali siku ile ile unapotua, bila malipo, daktari wa kike kwa maiti wa kike, ili familia isilazimishwe kuchagua kati ya haki na maziko. Naomba kila nchi ichapishe kila mwaka idadi ya waliokufa, nchi waliyokufa, umri wao na sababu iliyoandikwa. Mshahara wa marehemu uliobaki usiachwe kwa tajiri. Ufuatiliwe na serikali, maana mama wa Likoni hana wakili Riyadh.

5. Marufuku na maajenti.

Najua kuna watakaosema basi tufunge njia. Tulishafunga. Mwaka 2014 Kenya ilifuta leseni za maajenti zaidi ya 900 na kuzuia wafanyakazi wa ndani kwenda Mashariki ya Kati. Wasichana walipanda mabasi wakaondokea nchi jirani, bila jina lao kuandikwa popote, na waliponaswa hapakuwa na ofisi ya kuuliza. Uganda nayo ilizuia mwaka 2016, ikafungua. Nisingependa kuona marufuku nyingine.

Ninachotaka kuona ni majina. Nani anamiliki kampuni hizi? Wabunge? Wake zao? Maofisa wa wizara zenu wenyewe? Chapisheni orodha ya wamiliki halisi, na anayeshika wadhifa wa umma asiruhusiwe kuwa miongoni mwao. Ajenti aliyefutwa Nairobi asifungue Kampala au Dar es Salaam kwa jina jipya: orodha ya waliofutwa iwe moja kwa nchi zote. Na ada za ajenti zisikatwe kwenye mshahara wa msichana, kama Mkataba 189 unavyosema. Nimeshasoma mikataba ambayo mishahara ya miezi miwili ya mwanzo ilikuwa imeandikwa kwa kalamu pembeni kuwa ni "gharama".

6. Nyumbani kwetu.

Kuna jambo ambalo Mwarabu akituuliza tutainama. Dada wa kazi wa Nairobi, Dar es Salaam, Kigali na hapa Mombasa analipwa ngapi? Analala wapi? Siku yake ya mapumziko ni ipi? Nimeona watoto waliotolewa shule ya msingi Kwale na Kilifi kuja kulea watoto wenzao mjini. ILO inakadiria wafanyakazi wa majumbani duniani ni milioni 75.6, robo tatu wanawake, na wengi wao wanafanya kazi katika nchi zao wenyewe. Ninachotaka Saudia ifanye nataka kifanyike katika mitaa ya wakubwa wetu, Nyali, Kololo na Masaki. Mkataba 189 uwe sheria inayotekelezwa katika nchi zote nane, mkaguzi wa kazi afike majumbani mwetu, na kuanzia kwenye majumba yenu ninyi mawaziri. Nasema hivyo kwa heshima, wala simaanishi matusi. Mtazungumza kwa sauti nyingine Riyadh mkiwa mmeanza kwenu.

7. Kwa nini sasa.

Qatar ilipewa Kombe la Dunia mwaka 2010. Mwaka 2014 wajumbe wa wafanyakazi waliishtaki nchi hiyo mbele ya ILO. Mwaka 2017 ikatunga sheria ya wafanyakazi wa majumbani na kukubali kushirikiana na shirika hilo. Januari 2020 iliwaondolea sharti la kuomba ruhusa ya tajiri kuondoka nchini, na Machi 2021 kima cha chini cha riyali 1,000 za Qatar kikaanza, wa majumbani wakiwemo. Bado kuna dhuluma Doha, nasoma karatasi zake. Lakini sheria ilisogea, na ilisogea kwa sababu dunia ilikuwa inatazama na kuna watu waliothubutu kudai.

Desemba 2024 Saudia ilipewa Kombe la Dunia la mwaka 2034. Miaka iliyobaki si mingi. Wageni watakapofika watahitaji vyumba vilivyotandikwa, nguo zilizofuliwa na chakula mezani, na mikono mingi itakayofanya kazi hiyo itatoka kwetu. Hamtapata tena wakati ambao mnahitajiwa kiasi hiki. Itisheni kikao cha mawaziri wote wanane Arusha mwaka huu, muwaite wanawake waliorudi waketi nanyi na si nje ya ukumbi, mwandike masharti yenu, kisha mwende Riyadh, Muscat, Doha, Abu Dhabi, Manama na Kuwait mkiwa ujumbe mmoja.

Ninapoandika haya kuna mkataba mwingine mezani, umekunjwa mara nne. Ni wa msichana wa mtaa wa pili, mtoto wa mvuvi. Ndege yake ni Alhamisi ya wiki ijayo, anakwenda Dammam, mshahara ni riyali 900, na kifungu cha pasipoti hakimo. Mama yake atakuja kesho baada ya Alasiri nimsomee, na ameniomba nimwandikie kwenye karatasi nyingine, kwa herufi kubwa, namba ya simu ya kupiga kama mwanawe atapata shida usiku. Nipeni namba hiyo.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu,
Likoni, Mombasa